Ufaulu wa Arusha ni wa Nani?

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, uchambuzi huanza kabla walimu wakuu hawajayachapisha na kuyabandika ukutani. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huyapanga mkoa kwa mkoa, halmashauri kwa halmashauri, shule kwa shule, na haichukui muda picha zake zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa Arusha, kuanzia Sakina hadi Njiro. Kila shule ina idadi ya watahiniwa wake na wastani wake kati ya alama 300, yaani masomo sita yenye alama 50 kila moja. Mzazi anayetaka kujua shule ipi nzuri na ipi mbovu hutazama wastani huo, akaweka simu mfukoni. Kwake hukumu imeshatoka.

Wastani huo unasema kweli juu ya jambo moja tu: watoto walioketi kwenye chumba cha mtihani mwezi Septemba walijibu maswali kwa kiwango gani. Hausemi watoto hao ni akina nani, wanatoka nyumba za namna gani, waliingia darasa la kwanza wakijua nini, wala ni wangapi walioanza nao na hawakufika siku ile. Kwa Jiji la Arusha, ambalo jina lake limezoeleka katika kundi la halmashauri za juu kitaifa, mapengo hayo si madogo. Sehemu ya sifa ambazo jiji hili hupewa kila mwaka haitokani na ufundishaji wa shule zake za umma. Inatokana na nani anaishi Arusha, na mtoto wa nani anasoma wapi.

Sensa ndiyo mahali pa kuanzia. Mwaka 2012 Jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442. Mwaka 2022 walihesabiwa 617,631. Hilo ni ongezeko la watu 201,189 ndani ya miaka 10, karibu asilimia 48. Kwa maneno mengine, jiji limeongeza watu wengi kuliko wakazi wote wa Wilaya ya Longido, ambao mwaka 2022 walikuwa 175,915. Mkoa mzima ulikua kwa asilimia 39. Halmashauri ya Meru, kwenye miteremko ya mlima iliyojaa migomba na kahawa, ilitoka watu 268,144 hadi 331,603, ongezeko la asilimia 24 tu. Kihamba (shamba la familia) kilichogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hakigawanyiki tena. Vijana hushuka Usa River, Tengeru, na hatimaye mjini, wakapanga chumba, wakazaa, wakaandikisha watoto.

Jiji lililokuwa na kata 19 wakati wa sensa ya 2012 sasa lina kata 25. Muriet, Olmoti na Terrat, kule kusini ambako miaka michache iliyopita kulikuwa na mashamba ya mahindi na maharage, zimekuwa za nyumba za matofali zinazoongezeka chumba kimoja kimoja kadiri fedha zinavyopatikana. Huko ndiko watoto waliko. Kata za Kati, Kaloleni na Levolosi ziko karibu na soko na ofisi, lakini viwanja vyake vimegeuka maduka na nyumba za wageni. Shule za zamani ziko mjini, watoto wapya wako pembezoni, na kati yao kuna nauli ya kifodi (daladala ndogo) au mwendo wa miguu asubuhi na mapema.

Kata ya Engutoto haifanani na pande hizo mbili. Iko kusini-mashariki mwa jiji, upande wa Njiro, eneo ambalo kwa miaka mingi limebeba sifa ya watu wenye nafasi: Chuo cha Uhasibu Arusha kiko upande huo, ESAMI iko huko, na watumishi wa mashirika ya kimataifa yaliyoweka makao Arusha wamepanga au kujenga huko. Anayeamini kwamba kata yenye nyumba nzuri lazima iwe na shule ya umma yenye watoto wa nyumba nzuri, asimame barabarani saa 12 asubuhi. Mabasi ya njano huingia hadi mageti ya ndani kuwachukua watoto wa wenye nyumba na kuwapeleka shule za mchepuo wa Kiingereza. Baadaye kidogo hutoka, kwa miguu, watoto wa mlinzi, wa fundi mwashi, wa mama anayeuza mboga mbele ya geti, wa dada wa kazi aliyewahi kuolewa. Hao ndio wa shule ya kata.

Kwa hiyo takwimu za watu wa kata na takwimu za wanafunzi wa shule ya kata hiyo hiyo ni vitu viwili. Kipato cha wastani cha Njiro hakimwambii Afisa Elimu Kata chochote kuhusu darasa la nne analolikagua. Kosa hili hufanywa hata na watu wa mipango: wanaona kata yenye uwezo, wanadhani shule yake haihitaji msukumo, wakati watoto wake wanaweza kuwa na hali ngumu kuliko wale wa kijiji cha Meru ambako mzazi anayemiliki ng'ombe wawili na mzazi asiye na kitu bado wanapeleka watoto shule moja.

Hapa hesabu inaanza kuwa na utata, na ni vizuri kuifanya polepole kwa namba za mfano.

Chukulia halmashauri ya mjini yenye watahiniwa 10,000. Elfu saba na mia tano wako shule za umma na 82 kati ya kila 100 wanafaulu. Elfu mbili na mia tano wako shule binafsi na 99 kati ya kila 100 wanafaulu. Ufaulu wa halmashauri unakuwa asilimia 86.25. Jirani yake ni halmashauri ya vijijini ambayo haina shule binafsi hata moja, na watoto wake 84 kati ya kila 100 wanafaulu. Kwenye orodha, ya mjini iko juu. Lakini mtoto wa shule ya umma wa kijijini amefundishwa na kufaulu zaidi ya mwenzake wa shule ya umma wa mjini. Anayepewa kikombe siye aliyefanya kazi.

Mfano huo huo unaweza kusogezwa mbele kidogo. Tuseme miaka 10 iliyopita ni mtoto 1 kati ya 10 wa halmashauri ile ya mjini aliyesoma shule binafsi, na sasa ni 1 kati ya 4. Ufaulu wa shule za umma haujasogea, umebaki 82. Wa binafsi umebaki 99. Ufaulu wa jumla utakuwa umepanda kutoka asilimia 83.7 hadi 86.25. Hakuna mwalimu aliyefundisha vizuri zaidi, hakuna darasa lililopunguzwa msongamano, hakuna kitabu kilichoongezwa. Wazazi wamehamisha watoto tu, na mkurugenzi amepata cha kusoma kwenye baraza la madiwani.

Matokeo ya halmashauri hujumlisha shule zote zilizomo ndani ya mipaka yake, za umma na za binafsi. Arusha ni mji wa utalii, mikutano na mashirika, wenye shule binafsi tele. Kwa mji wa aina hiyo, namba moja ya halmashauri ni mchanganyiko wa mifumo miwili ya elimu ambayo haina walimu wa aina moja, lugha moja ya kufundishia, wala watoto wa aina moja. NECTA imeshachapisha matokeo ya kila shule. Kutenganisha makundi hayo mawili ni kazi ya siku moja kwa ofisa mwenye kompyuta. Inashangaza kwamba bado taarifa nyingi zinazosomwa hadharani huanza na kuishia kwenye jumla.

Uteuzi wa wanafunzi unaongeza ukungu. Shule ya Sekondari Ilboru, iliyoanzishwa na Walutheri mwaka 1946 na sasa ni ya serikali, ni kati ya shule za vipaji maalumu nchini. Wavulana wake huchaguliwa kutoka mikoa yote kwa alama za juu. Matokeo yake mazuri hayasemi lolote kuhusu watoto wa Ilboru au Sakina, ingawa wenyeji hujivunia kana kwamba ni yao. Shule ya Msingi Arusha nayo, iliyofunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Wazungu, imeendelea kuwa ya umma inayofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio ya Dar es Salaam. Ipo chini ya serikali, lakini anayeilinganisha na shule ya msingi ya Muriet analinganisha vitu visivyofanana.

Mfano wenye mafunzo zaidi uko Moshono. The School of St Jude, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Gemma Sisia, mwanamke kutoka Australia, inasomesha watoto wa familia maskini bila ada kwa fedha za wafadhili. Kuingia kwake kuna milango miwili: mtoto kutoka shule ya serikali hupimwa kwa mitihani, kisha watu wa shule humtembelea nyumbani kuona kama kweli familia haina uwezo. Watoto hao hufanya vizuri mno. Ushahidi huo unavunja kabisa ile kauli ya vijiweni kwamba mtoto wa maskini hana akili ya darasani. Lakini una upande wa pili ambao hautajwi: kila mtoto mwenye uwezo mkubwa anayechaguliwa anaondoka na alama zake kwenye shule ya serikali aliyotoka. Mwalimu aliyemfundisha kusoma hubaki na wastani ulioshuka. Na jambo la kujiuliza ni hili: shule moja ya hisani imeona kwamba haiwezi kuelewa alama za mtoto bila kwanza kwenda kuona anakolala, ilhali mfumo mzima wa umma umeridhika na alama peke yake.

Mjadala wa kama shule au nyumba ndiyo inayoamua alama za mtoto haukuzaliwa Arusha. Marekani mwaka 1966, mwanasosholojia James Coleman alitoa ripoti iliyowahusisha wanafunzi takriban 600,000, na hitimisho lake liliwakera wengi: tofauti za alama zilifuata zaidi hali ya familia kuliko vifaa na majengo ya shule. Miaka 10 baadaye, mwaka 1976, Stephen Heyneman alichapisha matokeo ya utafiti wake wa shule za msingi Uganda, na yalikuwa kinyume. Kwa watoto wa Uganda, hali ya kiuchumi ya nyumbani ilikuwa na uzito mdogo kuliko Marekani. Ubora wa shule na mwalimu ulikuwa na uzito mkubwa zaidi. Mwaka 1983 yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29 na kuona mwelekeo ule ule: kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo shule ilivyobeba uzito.

Hoja ya Heyneman ni habari njema kwa mwalimu wa Engutoto, kwa sababu inampa nguvu ya kubadili mambo. Ila habari hiyo ilitoka Uganda ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati mtoto wa karani na mtoto wa mkulima waliweza kukaa dawati moja. Watafiti waliorudia hesabu hiyo kwa takwimu za miaka ya 1990 waliona tofauti kati ya nchi tajiri na maskini imefifia. Shule zikishakuwa nyingi, za kila bei, mwenye fedha hununua tofauti, na uzito wa nyumba huongezeka. Arusha ya leo iko karibu zaidi na picha hii ya pili.

Tanzania ina sababu nzuri ya kutoandika kila kitu kuhusu mtoto. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na takwimu za shule hazina safu ya kabila. Uamuzi huo umelinda nchi na mengi. Wilaya ya shule ya Marekani, hata iwe na wanafunzi 2,000 tu, hutoa taarifa inayogawa ufaulu kwa rangi, kwa watoto wenye mahitaji maalumu, kwa wanaojifunza Kiingereza na kwa wanaostahili chakula cha bure. Hakuna haja ya kuiga hilo la rangi. Lakini mafomu ya takwimu za elimu ya msingi hapa nchini yana jinsi, umri, ulemavu na uyatima, kisha yananyamaza mahali ambapo kwa Arusha ndipo penye jambo: umaskini wa kaya na lugha ya nyumbani.

Umaskini unaweza kupimwa bila kumwaibisha mtu. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) una orodha za kaya mtaa kwa mtaa, na sehemu ya ruzuku yake imefungwa kwenye mahudhurio ya mtoto shuleni, maana yake walimu wanashiriki kuthibitisha mahudhurio hayo. Taarifa ipo tayari. Kinachobaki ni kuiweka kando ya matokeo ya mtihani na kuisoma pamoja nayo. TASAF haifikii kila maskini, hasa wapangaji wa mjini wanaohama mwaka hadi mwaka, lakini kipimo chenye kasoro ni bora kuliko kutokuwa na kipimo.

Lugha ni nyeti zaidi na inahitaji uangalifu. Mtoto wa Kaloleni amezaliwa katika Kiswahili. Mtoto aliyetoka Longido au Ngorongoro kumfuata mjomba, au aliyekulia boma la Waarusha pembezoni mwa Terrat, huenda akaingia darasa la kwanza na Kimaa peke yake. Kwenye upimaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, huyu anapimwa kusoma lugha anayojifunza kuisema wiki ile ile. Mwalimu wa darasa la kwanza humjua mtoto huyo kabla wiki haijaisha. Safu moja kwenye daftari la uandikishaji, inayouliza mtoto anaongea lugha gani nyumbani, isingeuliza kabila la mtu. Mchaga aliyezaliwa Ngarenaro angeandikwa Kiswahili.

Historia nayo imeacha alama. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo Nkoaranga, Meru, mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904. Wameru walikumbatia shule na kahawa mapema na kwa wingi kuliko majirani zao Waarusha, na tofauti hiyo ya vizazi vitatu bado huonekana kwenye nyumba zenye bibi aliyesoma na zisizo naye. Wafugaji wa tambarare walifikiwa baadaye zaidi, na shule zao za bweni zilijengwa kwa sababu mtoto anayehama na mifugo hawezi kuhudhuria shule ya kutwa. Watoto wa historia zote tatu hukutana katika kata za pembezoni mwa jiji, kwenye darasa moja, mbele ya mwalimu mmoja.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wasomaji wa matokeo, nalo ni udogo wa shule. Shule yenye watahiniwa 25, watoto wawili wakiugua siku ya mtihani au wakafeli bila kutarajiwa, ufaulu huporomoka kwa asilimia 8. Shule yenye watahiniwa 150, watoto wale wale wawili ni asilimia 1.3. Ndiyo maana shule ndogo hujaa kileleni mwa orodha na hujaa pia mkiani, na mwaka unaofuata hubadilishana nafasi. Thomas Kane na Douglas Staiger walionyesha hivyo Marekani mwaka 2002 kwa takwimu za North Carolina. NECTA ilionyesha kulielewa hilo kwa kutenga shule zenye watahiniwa 40 au zaidi na zile za chini ya 40 wakati ilipokuwa ikitangaza kumi bora. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, baraza hilo likaacha kabisa kutangaza shule na wanafunzi bora, likieleza kwamba utaratibu huo hauna tija kwa sababu wanafunzi hao hawasomi katika mazingira yanayofanana. Ulikuwa uamuzi sahihi uliopokelewa kwa manung'uniko, hasa na wenye shule waliokuwa wakigeuza orodha ile kuwa tangazo la biashara. Sasa orodha wanajitengenezea wenyewe na kuzichapisha kwenye mabango ya barabara ya Moshi.

Ufaulu wa kitaifa nao unahitaji kusomwa pamoja na idadi ya vichwa. Mwaka 2016 watahiniwa karibu 790,000 walifanya mtihani wa darasa la saba na asilimia 70.36 wakafaulu. Mwaka 2022 waliofanya walizidi milioni 1.3, ufaulu ukawa asilimia 79.62. Mwaka 2024 walifanya 1,204,899, wakafaulu 974,229, karibu asilimia 81, wasichana 525,172 na wavulana 449,057. Kuongeza watoto zaidi ya 400,000 kati ya 2016 na 2024 na bado asilimia ipande ni mafanikio ambayo mwenye haki hawezi kuyabeza. Lakini wanaofaulu kwa Kiswahili hupanda kidato cha kwanza na kukuta karibu kila kitu, mbali na somo la Kiswahili, kinafundishwa kwa Kiingereza, na huko ndiko asilimia hupungukiwa na maana. Nchi imeshaonja hilo. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotolewa Februari 2013, yaliwaacha watahiniwa 6 kati ya 10 na daraja sifuri. Wengi walikuwa zao la shule za kata zilizojengwa kwa kasi kuanzia 2004, zikiwa na kuta lakini bila walimu wa kutosha. Tume iliundwa, alama zikapangwa upya, na mjadala wa nani hasa walikuwa wanasoma kwenye shule zile ukazikwa pamoja na matokeo ya awali.

Fedha zinafuata kichwa cha mtoto, hazifuati hali yake. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002, ruzuku ya uendeshaji imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Sekondari ni 25,000. Kipimo cha mwanzo kilikuwa dola 10 za Marekani, ambazo leo ni zaidi ya mara mbili ya shilingi hizo. Na sehemu yake, shilingi 4,000 kwa upande wa msingi, imetengwa kwa vitabu, hivyo inayofika akaunti ya shule ni 6,000. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango kuanzia Januari 2016, shule ilipoteza uwezo wa kuziba pengo kwa mkoba wa mzazi. Kata ya Sekei na kata ya Muriet hupata kiwango kile kile kwa kila mtoto. Uingereza imekuwa ikiongeza fedha kwa kila mwanafunzi wa familia maskini tangu 2011. Hapa hesabu haimtambui.

Fedha peke yake haifundishi, na ushahidi wa hilo umepatikana hapa hapa nchini. Utafiti wa KiuFunza ulioendeshwa na Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10, ambao Isaac Mbiti na wenzake waliuchapisha mwaka 2019, uligundua kwamba shule zilizopewa ruzuku pekee hazikupandisha alama za watoto. Moja ya sababu ni kwamba wazazi walipoona shule imepata fedha, walipunguza walichokuwa wakitoa wenyewe. Alama zilipanda kwa uhakika pale ruzuku ilipoambatana na motisha kwa mwalimu kulingana na kujifunza kwa mtoto. Somo lake kwa jiji ni jepesi kulitaja na gumu kulitekeleza: huwezi kumlipa mwalimu motisha kwa haki kama unampima kwa wastani, kwa maana mwalimu wa watoto walioanza nyuma atashindwa kila mwaka hata akifundisha vizuri kuliko wote.

Kinachotakiwa kupimwa ni hatua ambayo mtoto amepiga. Na nyenzo ipo. Kila mwanafunzi wa msingi ana namba ya PReM inayomfuata kutoka shule hadi shule na kuonekana kwenye mitihani ya kitaifa. Alama zake za darasa la nne na za darasa la saba zinaweza kuwekwa pamoja. Shule iliyompokea mtoto mwenye daraja D na kumtoa na C imefanya kazi kubwa kuliko iliyompokea na A ikamtoa na A. Namba hiyo hiyo ingeonyesha nani alihamia shule binafsi katikati, nani alihamia mkoa mwingine, na nani alipotea bila kuonekana tena popote. Orodha ya hao wa mwisho, kata kwa kata, ndiyo takwimu yenye thamani kuliko zote na ndiyo ambayo ingefaa kusomwa kwenye kikao cha hadhara.

Muda wa kufanya hivyo unakwisha. Watoto walioandikishwa darasa la kwanza Januari 2016, kundi la kwanza la elimu bila malipo, ilijulikana tangu siku ile kwamba wangehitaji viti vya kidato cha kwanza Januari 2023. Hata hivyo madarasa 8,000 ya kuwapokea nchini yalijengwa kwa mbio za miezi ya mwisho ya 2022, baada ya mengine 12,000 ya sekondari kujengwa kwa mkopo wa UVIKO-19 mwaka uliotangulia. Sasa linakuja kundi jingine. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unafupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka ule watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028, na kwenye kata za kusini mwa Jiji la Arusha huenda makundi hayo yakawa makubwa kuliko yaliyowahi kuonekana.

Mzazi wa Engutoto, au wa kata nyingine yoyote ya jiji, atakapoitwa kwenye mkutano wa shule, asiulize wastani. Huo ameshauona kwenye simu. Amwulize Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu Kata mambo matatu: watoto walioandikishwa darasa la kwanza pamoja na mwanawe walikuwa wangapi na wangapi bado wapo, waliokuwa na daraja D na E darasa la nne wamefikia wapi, na Januari 2028 watakaa chumba kipi. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.